Kura: Mali au Amana?

Juma lililopita walinijia ofisini wanafunzi watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, wakiwa na rasimu ya katiba ya jumuiya yao. Baada ya shikamoo na marahaba, waliniwekea mezani karatasi kumi na mbili zilizobanwa kwa pini, wakaniomba niisome ibara ya tisa tu. Nyingine, walisema, wamekwisha kukubaliana. Ibara ya tisa ndiyo iliyowagawa kambi mbili kiasi kwamba mkutano wao wa mwisho ulivunjika saa nne za usiku bila ya muafaka.

Ibara yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema kwamba baraza la jumuiya litakuwa na viti tisa; kwamba kila mwanachama atapiga kura moja kwa mgombea mmoja; kwamba mgombea atakayefikisha kiwango cha ushindi atapata kiti; na kwamba wagombea wasiofikisha kiwango, pamoja na wale waliopata kura za ziada, watakaa kikao kimoja mbele ya msimamizi wa uchaguzi na kukabidhiana kura zao kwa mapatano, mpaka viti vyote tisa vijae.

"Mwalimu," aliniambia yule binti aliyeonekana kuwa mwandishi wa ibara hiyo, "wenzetu wanasema huu ni mnada wa kura. Sisi tunasema ndio utaratibu pekee ambao hauitupi jalalani kura ya mtu yeyote. Tunaomba utuambie nani yuko sahihi."

Niliwaambia nitawajibu baada ya siku saba. Waliaga wakaondoka wakidhani mwalimu wao anakwenda kupekua vitabu. Ukweli ni kwamba vitabu sikuvihitaji sana. Nilihitaji siku saba za kuamua kama nina ujasiri wa kuwaeleza kwamba utaratibu huo niliwahi kushiriki, nikiwa mgombea, na kwamba nilichokifanya siku ile bado kinanikosesha usingizi. Makala haya ndiyo jibu langu kwao, na kwa kuwa jambo lenyewe ni kubwa kuliko jumuiya moja ya wanafunzi, nimeona niliweke hapa mbele ya wasomaji wote.

Nianze na asili ya wazo. Mwaka 1884, Uingereza ilipokuwa katika mjadala mkali wa kupanua haki ya kupiga kura na kugawa upya majimbo, mwanahisabati mmoja wa Christ Church, Oxford, aitwaye Charles Lutwidge Dodgson, alichapisha kijitabu kuhusu misingi ya uwakilishi bungeni. Wengi wetu tunamfahamu kwa jina jingine, Lewis Carroll, mtunzi wa hadithi ya binti aliyetumbukia katika shimo la sungura. Hadithi ambayo wazee wetu waliisoma kwa Kiswahili kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Katika kijitabu chake Dodgson hakuwa akisimulia hadithi. Alikuwa akiuliza swali la hesabu: inawezekanaje watu walio wengi nchini wakose viti, na walio wachache wavipate, na kila mmoja akasema uchaguzi ulikuwa halali?

Jibu lake lilikuwa majimbo makubwa yenye wabunge kadhaa. Kila mpigakura angetaja jina moja tu. Kiwango cha ushindi kingetokana na kuzigawa kura zote kwa idadi ya viti ukiongeza kimoja. Atakayevuka hapo amepata. Kura zinazobaki, za waliozidisha na za waliopungukiwa, zingekuwa mikononi mwa wagombea wenyewe. Wangekutana mbele ya msimamizi na kuziunganisha watakavyo. Dodgson aliona kwamba mpigakura wa kawaida hawezi kulazimishwa kupanga orodha ndefu ya majina ambayo nusu yake hayajui. Lakini mtu mmoja anayemwamini anamjua, na mtu huyo anawajua wagombea wenzake kuliko yeye. Basi amwachie. Na hapa ndipo alipotumia fikra iliyo kiini cha makala haya: kwamba mpigakura anapompa mgombea kura yake, aelewe kuwa anampa kama mali yake mgombea huyo, aitumie mwenyewe, amhamishie mwingine, au aiache ikae bure.

Uingereza haikumsikiliza. Sheria ya kugawa viti ya mwaka 1885 iliifanya sehemu kubwa ya nchi hiyo kuwa majimbo ya mbunge mmoja mmoja, mtindo ambao ulisafiri na utawala wake hadi kwetu. Lakini wazo halikufa. Miaka mia moja na ishirini baadaye, mwaka 2004, mwanahisabati wa Marekani, Warren D. Smith, alilifufua na kulipa jina ambalo maana yake kwa Kiswahili ni upigaji kura wa rasilimali. Neno ni lilelile la Dodgson: mali. Mgombea anatoka kwenye uchaguzi akiwa na mtaji, kisha anaingia nao sokoni.

Nami niliwahi kuingia katika soko hilo.

Ilikuwa katika miaka yangu ya chuo, katika bweni ambalo sitalitaja. Bweni letu lilikuwa na viti vitatu katika baraza la wanafunzi, na waliotutangulia walikuwa wametuachia kanuni inayofanana sana na hiyo ibara ya tisa. Sijui waliitoa wapi. Hatukuwa na desturi ya kuuliza. Mwaka huo zilipigwa kura halali 240, na kwa viti vitatu kiwango kikawa kura 61. Tulikuwa wagombea watano. Wa kwanza alipata kura 78, wa pili 65, hao wakakaa. Wa tatu alipata 43, mimi nikapata 36, na wa mwisho 18. Kiti kimoja kikabaki wazi.

Kura zangu 36 zilikuwa na historia. Nilikuwa na rafiki ambaye alitembea kwa magongo tangu utotoni kwa sababu ya ugonjwa wa kupooza. Alipangiwa chumba ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti wala njia ya mteremko hata mlangoni. Ni yeye aliyenishawishi nigombee. Alizunguka chumba hadi chumba, ngazi hadi ngazi, akiwaeleza watu jambo moja tu: kwamba nikichaguliwa nitasimamia wanafunzi wenye ulemavu wapewe vyumba vya chini, na mlango wa bweni ujengewe njia ya mteremko. Sikuwa na ahadi nyingine. Walionipa kura walinipa kwa ajili hiyo, na wengi wao walimpa yeye kupitia kwangu.

Tazama sasa hesabu ilivyokaa. Mgombea wa mwisho, mwenye kura 18, alikuwa mtu wa dini na mpole. Alisema atanipa kura zake zote ikiwa nitaongeza katika madai yangu suala la taa za njia ya kwenda maktaba. Wa kwanza alikuwa na kura 17 za ziada, naye alisema hana neno, ila anataka tukae tuzungumze asubuhi. Zangu 36, na 18, na 17, zinafanya 71. Kiti kilikuwa changu kwa kazi ya usiku mmoja.

Kabla ya asubuhi alinijia yule wa tatu, mwenye kura 43. Hakuwa na maneno mengi. Alinambia kwamba nikimkabidhi kura zangu atafikisha 79, mchezo umekwisha. Naye, akiwa barazani, atahakikisha mimi ninakuwa katibu wa kamati ya bwalo la chakula. Wanaokumbuka maisha ya chuo ya zama zile watafahamu maana yake. Katibu wa kamati ya bwalo alikuwa na kuponi za chakula. Mimi nilikuwa mtoto wa mkulima, na kila mwezi ulipofika tarehe ishirini nilikuwa nakula mlo mmoja kwa siku. Nilimuuliza kuhusu vyumba vya chini na njia ya mteremko. Akasema, "Hilo tutaliangalia." Nikalikubali neno hilo kana kwamba ni mkataba.

Asubuhi nilisimama mbele ya msimamizi nikatamka kwamba nazikabidhi kura zangu zote 36. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Rafiki yangu alikuwa amekaa nyuma ya ukumbi, magongo yameegemezwa kwenye kiti cha mbele yake. Hakusema kitu.

Suala la vyumba halikuangaliwa. Nililikumbusha mara mbili, kisha nikaacha kulikumbusha, kwa sababu katibu wa kamati ya bwalo hapendi kumuudhi aliyempa ukatibu. Katika masika ya mwaka uliofuata, ngazi zikiwa zimelowa kwa tope la viatu, rafiki yangu aliteleza kutoka ghorofa ya pili akavunjika mkono. Mtu wa magongo akivunjika mkono hawezi kutembea kabisa. Alikosa mitihani ya muhula ule, akarudia mwaka, na sisi wenzake tukahitimu tukamwacha.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu katika mihadhara yangu nimezoea kuyasema mambo haya kwa namba na majina ya nchi, na namba zina tabia ya kumstahi mtu mwenye hatia. Sasa nizirudie nchi, nikiwa nimekwisha kusimama kizimbani mwenyewe.

Australia ndiyo iliyoutumia kwa muda mrefu utaratibu unaokaribiana na huu. Katika uchaguzi wa Seneti, mpigakura alitakiwa kupanga kwa namba wagombea wote, jambo lililowafanya wengi waharibu karatasi zao. Kuanzia uchaguzi wa 1984 alipewa njia ya mkato: aweke alama moja juu ya mstari kwa chama anachokitaka, na chama hicho kipange kwa niaba yake kura hiyo iende kwa nani baada ya hapo, kwa mujibu wa orodha kilichoisajili kabla ya siku ya kura. Zaidi ya asilimia 90 ya wapigakura walichagua njia hiyo. Ulikuwa unafuu mkubwa. Lakini vyama vidogo viligundua kwamba vikipatana kupeana kura, bila kujali vinaamini nini, mmoja wao lazima atakwea. Wakatokea hata wataalamu ambao kazi yao ni kupanga mapatano hayo.

Matokeo yanajulikana. Mwaka 2013, katika jimbo la Victoria, Ricky Muir wa chama cha wapenda magari aliingia Seneti akiwa na asilimia 0.51 ya kura za chaguo la kwanza, wakati kiwango cha ushindi kilikuwa takribani asilimia 14.3. Mwaka 2021, katika bunge la Australia Magharibi, Wilson Tucker wa chama kilichokuwa na ajenda ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi alipata kiti akiwa na kura 98 za chaguo la kwanza. Hakuna aliyeiba. Kila kura iliyomfikia ilimfikia kisheria. Seneti iliufuta utaratibu huo mwaka 2016, na Australia Magharibi ikaufuta miezi michache baada ya uchaguzi ule wa 2021.

Nisiwe mwonevu. Muir alikuwa mtu wa kawaida aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha mbao, na wapo Waaustralia waliosema kwamba bunge lilinufaika kwa kumpata mtu asiyetoka katika tabaka la wanasheria. Tena orodha za vyama hazikuwa siri. Zilichapishwa, na yeyote aliyetaka kuzisoma angeweza. Lakini nani angesoma orodha ya makumi ya majina kwa kila chama? Jambo linaweza kuwa wazi mbele ya sheria na likawa giza mbele ya macho ya mtu.

Turudi nyumbani. Wanafunzi wa historia ya Zanzibar wanaufahamu uchaguzi wa Januari 1961. Viti vilikuwa 22. ASP walipata 10, ZNP 9, na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa tofauti ya kura moja. Hakuna chama kilichoweza kuunda serikali, na macho yote yakawageukia wale watatu wa ZPPP. Wakagawanyika: wawili wakaenda upande wa ZNP, mmoja upande wa ASP. Kumi na moja kwa kumi na moja. Mpigakura wa ZPPP aliyekwenda kituoni alfajiri alikuwa amechagua chama kimoja. Jioni ya mapatano akajikuta kura yake imekwenda pande mbili zinazopingana, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka uleule, kwa viti 23. Safari hii ZNP na ZPPP waliingia wakiwa wamekwisha kushirikiana, wakapata 10 na 3, dhidi ya 10 vya ASP. Mapatano yalijulikana mapema, hesabu ilikuwa bayana, na bado watu 68 walipoteza maisha katika ghasia za siku zile. Nalitaja hili ili nisije nikawadanganya vijana wangu kwamba uwazi peke yake ni dawa. Pale ambapo jamii imekwisha kupasuka, hesabu nzuri haiungi mfupa. Na mwaka 1963 ASP walipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31. Kwa hiyo anayesema kwamba mfumo wa jimbo moja mbunge mmoja ni salama kwa sababu hauna mapatano, atueleze kwanza hesabu ya mwaka huo.

Wakenya nao wana lao. Mwaka 2002 muungano wa NARC uliiondoa KANU madarakani baada ya kambi mbili, ya Mwai Kibaki na ya Raila Odinga, kutia saini makubaliano ya kugawana madaraka. Wananchi waliujua muungano. Yaliyokuwamo ndani ya makubaliano hawakuwekewa mezani. Baada ya ushindi, upande mmoja ukasema uliahidiwa nusu ya baraza la mawaziri na wadhifa wa waziri mkuu. Upande wa pili ukaona haufungwi na hayo. Ugomvi uliozaliwa hapo uliisumbua serikali ile miaka yote iliyofuata. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 ikaja kuagiza kwamba makubaliano ya muungano yawekwe kwa Msajili wa Vyama. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na majirani zetu walilipia somo hilo.

Hapa kwetu Tanzania tunalo jambo la jamii hiyohiyo ambalo hatulitazami vizuri. Kwa mujibu wa ibara ya 78 ya Katiba, chama kilichopata angalau asilimia tano ya kura halali za ubunge hupata haki ya kupendekeza majina ya wanawake wa viti maalum, kwa uwiano wa kura zake. Maana yake ni kwamba unapomchagua mbunge wa jimbo lako, kura hiyohiyo inafanya kazi ya pili: inaongeza uzito wa orodha ambayo hukuiona, iliyopangwa katika vikao usivyoalikwa. Viti hivyo vimewafikisha bungeni wanawake ambao majimbo yasingewapa nafasi, nami siungi mkono kuviondoa bila ya kuweka kilicho bora. Lakini muulize mpigakura mmoja akitoka kituoni kama anajua kwamba amepiga kura mbili kwa alama moja. Ikiwa hajui, basi nani aliyeitumia hiyo ya pili?

Kutokana na mifano hii naona tofauti moja ambayo wanafunzi wangu hawakuiona katika ubishi wao. Mapatano yakifanywa kabla ya kura, kama ilivyokuwa Australia, mpigakura anayo fursa ya kuyajua, lakini wanaopatana hawajui nguvu zao. Wanacheza bahati nasibu. Mapatano yakifanywa baada ya kura, kama alivyotaka Dodgson na kama tulivyofanya bwenini, wanaopatana wanajua kila mmoja ana kiasi gani, lakini mpigakura ameshamaliza kazi yake na hana tena namna ya kusema "la". Kila upande una kasoro yake, na kambi zote mbili za wanafunzi wangu zilikuwa zimeiona kasoro ya wenzao tu.

Nilipofika hapa katika kufikiri kwangu nilikuwa nimekwisha kuamua kuwashauri waifute ibara ya tisa. Kisha nikaona si haki niandike habari za rafiki yangu bila ya kumuuliza. Yeye sasa ni mtumishi wa umma, mtu wa heshima katika idara yake, na tumekuwa tukionana misibani na harusini kwa miaka mingi bila ya kulitaja jambo lile hata mara moja. Nilimpigia simu usiku. Nikamsomea rasimu yangu yote, pamoja na ushauri wa kuifuta ibara.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndugu yangu, umekosea mwishoni."

Nilidhani atasema nimejisamehe haraka. Hakusema hivyo. Alinieleza kwamba katika bweni lile wanafunzi wenye ulemavu walikuwa watatu. Watatu kati ya 240. Kwa utaratibu wa kawaida wa mshindi kuchukua vyote, hakuna mgombea ambaye angepanda ngazi kuja kuwasikiliza. Ilikuwa ni kwa sababu ya kanuni ile, kwamba hata mwenye kura 36 ana kitu cha kuweka mezani, ndipo yeye akaona inafaa kuzunguka vyumbani. "Siku ile asubuhi," aliniambia, "nilikuwa na nguvu kuliko siku yoyote nyingine ya maisha yangu ya chuo. Watu wenye viti walikuwa wanahitaji kura zangu. Mimi sikukasirika kwamba ulikwenda kupatana. Nilikutuma ukapatane. Nilikasirika kwamba ulirudi na kuponi."

Kisha akaongeza neno ambalo nimelitoa kichwa cha makala haya. Alisema, "Uliichukua kama mali, bwana. Mimi niliiweka kwako amana."

Kwetu sisi tuliolelewa katika lugha hii, tofauti ya maneno hayo mawili haihitaji kamusi. Mali nikikupa, umeuza au umegawa, sina swali. Amana nikikuwekea, unaweza kuihamisha ukiona nyumba yako inavuja, unaweza kumkabidhi jirani mwaminifu ukisafiri, lakini siku nitakayobisha hodi utaniambia iko wapi na kwa nini. Mwenye kupokea amana ana uhuru mkubwa, na bado hana kitu kilicho chake. Dodgson, pamoja na akili yake yote ya hesabu, alichagua neno lisilofaa, na mfumo wake ukarithi kasoro ya neno hilo.

Basi jibu langu kwa wanafunzi watatu ni hili. Msiifute ibara ya tisa. Iandikeni upya kwa lugha ya amana. Kwanza, kila mgombea kabla ya siku ya kura abandike ubaoni, kwa karatasi moja inayosomeka kwa dakika mbili, mambo gani hatayaacha katika mapatano yoyote, na ni nani ambaye hatamkabidhi kura kwa hali yoyote. Pili, mpigakura asiyetaka kura yake ihamishwe awe na kisanduku cha kutia alama kusema hivyo. Kura hiyo ikishindwa, ishindwe kwa ridhaa yake. Tatu, mapatano yafanyike ukumbini, mchana, wapigakura wakiwa wamekaa, na kila kura inayohama iandikwe ubaoni pamoja na ahadi iliyoihamisha, pande zote zikitia saini. Nne, cheo, posho au maslahi yoyote ya mgombea mwenyewe yasiwe bei ya kura; ikibainika yalikuwa, makabidhiano yawe batili. Tano, ahadi zilizoandikwa zisomwe tena mbele ya mkutano kila muhula, na aliyezitoa aulizwe.

Najua mtasema kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba wanasiasa watapatana gizani hata mkiwawashia taa. Huenda. Lakini mimi sikuhitaji giza kubwa. Nilihitaji tu kwamba asiwepo wa kuniuliza. Kama siku ile msimamizi angenitazama na kusema, "Kijana, unazikabidhi kura hizi 36 kwa malipo gani?", na rafiki yangu amekaa pale nyuma akisikiliza, nina hakika nisingeweza kutamka neno kuponi. Ningerudi nikakae na yule mpole wa kura 18, na asubuhi ingetukuta tukizungumzia taa za maktaba.

Enyi watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu, mnaoandaa kanuni na fomu ambazo sisi wengine tunazijaza bila ya kuzisoma, nanyi wanaharakati mnaodai mabadiliko ya sheria za uchaguzi, swali ni lilelile kwa ukubwa mwingine. Mfumo wowote utakaouchagua, iwe ni wa jimbo moja, wa uwiano, au wa mapatano, utafika mahali ambapo mtu mmoja ameshika kura za watu wengine na anaamua zielekee wapi. Mahali hapo pawekwe daftari, na pawekwe kiti kwa ajili ya mwenye amana.

Kabla hatujaagana kwenye simu, rafiki yangu aliniomba nirekebishe jambo moja katika rasimu. Nilikuwa nimeandika kwamba aliteleza kutoka ghorofa ya tatu. Ilikuwa ya pili, alisema. Alikuwa amekwisha kushuka ghorofa moja salama. Nimerekebisha. Wanafunzi wangu nimewapangia waje Ijumaa saa nane mchana. Chumba changu cha ofisi kipo ghorofa ya kwanza, hivyo nimeomba tukutane katika darasa la chini, kwa sababu rafiki yangu amekubali kuja kuzungumza nao.